Uzi: Bekapu zinazojiendesha kwenye seva yako ya Linux, na namna ya kujua kama data itarudi kweli

mlinda_seva

Assalam aleikum na hamjambo nyote.

Hapa Mombasa ofisi ndogo zenye seva zao wenyewe si ajabu tena. Ofisi ya klaringi, duka la dawa, shule ya kibinafsi, studio ya picha: kompyuta ndogo iko chini ya meza, Debian (aina ya Linux) ndani, hifadhidata ya hesabu, faili za wateja, pengine na Nextcloud ya kushirikiana faili. Mie nahudumia kadhaa za namna hiyo. Kila mara naulizwa, "Nitumie programu gani ya bekapu?" Nami hujibu kwa kuuliza: siku diski ikifa, nani atarejesha data, kwenye mashine gani, na nenosiri liko wapi? Ukishayajibu hayo, programu yajichagua yenyewe.

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu wenyewe waliyaandika yote hadharani. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya waandishi wa programu, alikuwa akihangaika usiku na seva ya pili ya hifadhidata, iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye ile ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipowahi kuikatiza amri, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakakimbilia bekapu. pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, iliyopangwa kuendeshwa kila siku, ilikuwa ya toleo la 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila ilipoamka. Barua pepe za kuarifu kosa hilo zilitumwa, lakini zikakataliwa njiani kwa sababu hazikuwa zimewekewa DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji. Walipofungua hazina yao ya S3 (ghala la mtandaoni la Amazon) wakaikuta tupu. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM, yaani picha ya diski ya wakati ule, ambayo mfanyakazi aliipiga kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kupanga walipanga, na mitambo ilijiendesha. Ila hakuna aliyewahi kuijaribu njia ya kurudi. Kwa hiyo uzi huu nitauandika kinyume na desturi: kunakili nitakuelezeni upesi, kurejesha nitakaa nako.

mlinda_seva

Kwanza, nini kinakiliwe. Huhitaji mfumo mzima. Debian utaipakua upya kwa dakika chache. Wataka vile ambavyo haviko kokote ila kwako: `/etc`, `/home`, `/srv` au popote ulipoweka kazi, na kwa wenye kuendesha programu kwenye makasha ya Docker, `/var/lib/docker/volumes` pamoja na faili zako za compose. Ongeza orodha ya programu ulizosakinisha kwa mkono, yaani matokeo ya `apt-mark showmanual`. Ni faili ndogo mno, na siku ya kujenga upya itakuokolea nusu ya siku.

Hifadhidata ni habari nyingine. Ukinakili faili za PostgreSQL au MariaDB huku zinaandikwa, waweza kupata nusu ya muamala wa saa hii na nusu ya ule wa kabla. Faili zipo, ukubwa ni sawa, na hazifunguki. PostgreSQL toa kwa `pg_dump -Fc`. MySQL na MariaDB kwa `mysqldump --single-transaction` ikiwa majedwali ni ya InnoDB. SQLite ina amri yake ya `.backup`. Ukishatoa, ile faili iliyotoka ndiyo uinakili.

kijana_wa_likoni

Shekhe, shukrani. Mimi ninayo cron (kipanga saa cha Linux) inaita rsync, programu ya kunakili faili, kila usiku kwenda kwenye diski ya USB, na nimeweka `--delete` ili pande zote mbili zilingane. Miezi kadhaa haijasumbua. Kwani kuna haja ya zaidi?

mlinda_seva

Ndugu yangu, rsync ni chombo cha heshima. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996 na mpaka leo naitumia. Lakini kwa namna ulivyoipanga, wewe una kioo. Mtu akifuta folda ya wateja saa kumi jioni, usiku rsync itaifuta na kwenye diski pia, kwa uaminifu kabisa. Faili ikiharibika, uharibifu wanakiliwa juu ya nakala nzima. Wahitaji nakala zenye tarehe, ili uweze kusema "nipe ya Jumanne."

La pili ni hatari zaidi, na halionekani. Diski ya USB ikichomoka au ikikataa kupanda baada ya stima kurudi, `/mnt/bekapu` yabaki kuwa folda tupu kwenye diski kuu. rsync haijui tofauti. Yaandika humo humo, mpaka diski kuu ijae na seva isimame. Weka hii mwanzoni mwa skripti:

```
mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1
```

Na kwenye `/etc/fstab` tumia UUID (namba ya utambulisho) ya diski badala ya `/dev/sdb1`, pamoja na `nofail`, ili seva iweze kuwaka hata diski ikiwa haipo.

La tatu: diski na seva viko meza moja. Mwizi haachi kimoja.

fundi_changamwe

Niongeze hapo. Sisi tunaoishi karibu na maji tuna adui ambaye wa bara hamjui. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya waya za USB na feni. Diski ya nje iliyoachwa dirishani, na joto la Februari, haina maisha. Kila mwezi piga `smartctl -a` utazame sekta zilizohamishwa (Reallocated) na zile zinazongoja (Pending). Zikianza kupanda, usisubiri, toa pesa ununue nyingine.

Ila na mimi nina hoja. Mbona usipige picha ya diski nzima kwa Clonezilla, siku ya shida unairudisha yote kwa mpigo?

mlinda_seva

Ami, picha ya diski nzima naikubali kwa mashine ambayo usanidi wake ni mgumu na haubadiliki, kwa mfano ile yenye programu ya zamani ambayo mwenye kuitengeneza hapatikani tena. Ipige mara moja, iweke kabatini. Lakini kwa kawaida Clonezilla hutaka mashine izimwe, na kazi inayotaka mtu azime mashine kila usiku, kwa uzoefu wangu, haifanywi. Kwa data inayobadilika kila siku, tafuta programu inayochukua mabadiliko tu.

Hapo wengi tumegawanyika kati ya BorgBackup na restic, na zote mbili ni nzuri. Zote hukata data vipande, kipande kilichokwisha kuhifadhiwa hakihifadhiwi tena, na zote huweza kusimba data (kuifunga isisomeke bila nenosiri) kabla haijaondoka kwenye seva. Mie nimezoea restic, kwa hiyo mifano yangu ni yake. Aliye na Borg na inamfaa asihame.

Hii ndiyo skripti ninayoanzia, `/usr/local/sbin/bekapu`:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
umask 077
export HOME=/root
export RESTIC_REPOSITORY_FILE=/root/bekapu/anwani
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/bekapu/nenosiri

cd /srv/hifadhidata
runuser -u postgres -- pg_dump -Fc hesabu > hesabu.tmp
mv hesabu.tmp hesabu.dump

restic backup /etc /home /srv --exclude-caches
curl -fsS -m 10 --retry 3 "$(cat /root/bekapu/kengele)"
```

Mstari wa `set -euo pipefail` msiudharau. Bila huo, pg_dump yaweza kushindwa na skripti ikaendelea kana kwamba hakuna neno, hadithi ya GitLab ikarudi. `HOME` nimeiandika kwa sababu systemd (msimamizi wa huduma za Linux) haimwekei root, mtumiaji mkuu, na restic huitaka ili ijue pa kuweka kumbukumbu zake za muda. Faili zilizomo `/root/bekapu` zipe `chmod 600`.

Mstari wa mwisho ndio kengele. Barua pepe ya "bekapu imeshindwa" haitoshi, maanake seva iliyozimika haitumi barua yoyote. Geuza mambo: bekapu ikifaulu ndipo igonge anwani fulani, na upande wa pili, isipogongwa kwa muda uliopangwa, ikupigie kelele wewe. Healthchecks yafanya kazi hiyo, na ni programu huria, waweza kuiendesha mwenyewe. Sharti usiiweke kwenye seva ile ile unayoilinda.

kijana_wa_likoni

Na kuipangia saa? Naendelea na cron?

mlinda_seva

Kwa mji wetu huu, nakushauri taima ya systemd. cron ikipitwa na saa yake imepitwa, yangoja kesho. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea sehemu kubwa ya nchi, seva zisizo na UPS zilizimika, na zilizo na UPS nyingi zilifuata betri zilipokwisha. Cron iliyopangiwa saa nane usiku, kwa mashine iliyokuwa imelala, haikufanya kitu. Taima yenye `Persistent=true` hukumbuka kwamba ilikosa zamu, na seva ikiwaka huianza kazi.

```
[Unit]
Description=Bekapu ya kila usiku

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00
Persistent=true
RandomizedDelaySec=10m

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Hiyo ni `bekapu.timer`. Pembeni yake weka `bekapu.service` yenye `Type=oneshot` na `ExecStart=/usr/local/sbin/bekapu`, kisha `systemctl enable --now bekapu.timer`. Faida nyingine: bekapu ya jana ikiwa bado haijamaliza, systemd haianzishi ya pili juu yake.

Angalieni saa ya seva. Nyingi za kukodi huja zikiwa UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. 02:00 ya UTC kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, na pengine duka la mkate lishaanza kuuza. Piga `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi` kwanza.

bi_hesabu

Hamjambo. Mimi si fundi, naweka hesabu za karo katika shule moja upande wa Tudor, na seva tunayo ofisini. Nimefuata mpaka hapa kwenye neno "anwani". Hiyo nakala inakwenda wapi? Mkurugenzi hataki kulipa kila mwezi kwa dola, na mimi sitaki majina ya wanafunzi na namba za wazazi zikae kwa watu nisiowajua.

mlinda_seva

Karibu sana, dada. Hilo ndilo swali lililonifanya nianzishe uzi.

Nakala moja ikae karibu, hapo hapo ofisini kwenye diski nyingine, kwa ajili ya siku mtu anapofuta faili na kuitaka ndani ya dakika tano. Nakala ya pili ikae jengo jingine kabisa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto, na baadhi ya wateja waligundua kwamba bekapu zao zilikuwa mle mle zilimokuwa seva zao.

Jengo la pili si lazima liwe la kampuni ya ng'ambo. Tafuta ofisi au nyumba ya mtu unayemwamini, ng'ambo ya kivuko au hata Nairobi, uweke kompyuta ndogo yenye diski kubwa, uziunganishe kwa WireGuard, njia ya siri ndani ya intaneti. Shule mbili zaweza kubadilishana: wao wakae na yenu, nanyi mkae na yao. Kwa kuwa restic husimba kila kitu kabla hakijatoka, mwenye nyumba ataona mafaili yasiyosomeka tu. Kwa data ya watoto hilo ni la lazima kwa maoni yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka mwenye kutunza data, ikivuja na kuwatia wahusika katika hatari ya kudhurika, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Diski iliyoibiwa ikiwa imesimbwa, mzigo wako ni mwepesi mno kuliko ikiwa wazi.

Mara ya kwanza msiitume kwa intaneti. Data ya GB 40 kwenye laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni karibu saa 9, ikiwa laini haikuyumba. Nakilini kwenye diski hapo ofisini, mtu avuke nayo feri, aichomeke upande wa pili. Baada ya hapo kila usiku huenda mabadiliko tu, na kwa hesabu za karo ni kidogo sana.

Sababu nyingine ya kuipenda nakala ya karibu ni bahari yenyewe. Kebo za baharini za TEAMS, SEACOM na EASSy zatua hapa hapa Mombasa, lakini tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika huko mbali, karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota siku kadhaa. Mwenye bekapu Ulaya pekee, siku kama ile, angekaa kungoja huku wazazi wamejaa dirishani na risiti mkononi.

fundi_changamwe

Na virusi vya kudai fidia? Akiingia mtu kwenye seva na kupata uwezo wa root, anasoma skripti yako, anaona anwani na nenosiri, anafuta nakala za mbali kwanza, halafu ndipo anafunga za karibu. Wanafanya hivyo hivyo.

mlinda_seva

Hapo umegusa penyewe, ami. Dawa ni kwamba seva iwe na ruhusa ya kuongeza nakala, isiwe na ruhusa ya kufuta. Kwenye ile mashine ya mbali sakinisha rest-server, programu ya kupokea nakala za restic, na uiwashe kwa `--append-only`. Seva ya shule itapeleka vipya kila usiku, ikitaka kufuta vya zamani itakataliwa. Borg nayo ina namna yake ya kufanya hivyo.

Ndiyo maana kwenye skripti yangu hakuna `forget`. Kupunguza nakala za zamani hufanywa kwenye mashine ya mbali, na mtu aliyekaa mbele yake, baada ya kuitazama orodha ya `restic snapshots` na kuridhika kwamba hakuna kitu cha ajabu:

```
restic forget --keep-daily 14 --keep-weekly 8 --keep-monthly 12 --prune
```

Msiifanye kazi hiyo ijiendeshe. Ni mara moja kwa mwezi, na ndiyo hatua pekee katika mpango huu mzima inayoangamiza kitu.

bi_hesabu

Nenosiri lenyewe nilitunze vipi? Fundi wetu akihama?

mlinda_seva

Andika kwa wino kwenye karatasi mbili. Moja kwenye kabati la chuma la mkurugenzi, nyingine nje ya jengo. Restic haina mlango wa nyuma. Nenosiri likipotea, data imepotea hata kama diski ni nzima. Na likiwa ndani ya seva tu, limekwenda na seva. Tena, `restic key add` hukuwezesha kuweka nenosiri la pili kwa hazina ile ile. Fundi awe na lake, ofisi iwe na lake. Fundi akiondoka, ufunguo wake utolewe kwa `restic key remove`.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andikeni na anwani ya hazina na amri za kurejesha, kwa lugha ambayo mtu asiye fundi ataifuata. Nikipewa nafasi ya kukagua seva yoyote, karatasi ndiyo naanza kuiomba.

Sasa kurejesha kwenyewe. Chukua kompyuta nyingine, hata laptopu kuukuu, isiyo na kitu chochote cha ile seva. Usichukue faili yoyote kutoka kwa seva, jifanye imeungua. Kilicho mkononi ni karatasi tu.

```
restic restore latest --target /srv/jaribio
createdb hesabu
pg_restore -d hesabu /srv/jaribio/srv/hifadhidata/hesabu.dump
```

Kisha mwite anayeijua data. Fundi ataona majedwali yapo na kufurahi. Dada bi_hesabu ndiye atakayejua kama risiti ya mwisho ya jana ipo, kama jumla ya muhula yalingana na kitabu, kama picha za hati za benki zafunguka. Yeye ndiye mkaguzi, na neno la "imerudi" liwe lake. Andikeni pia muda uliotumika toka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu siku ya kweli mkurugenzi atauliza "saa ngapi tutafungua?", na jibu litakuwa mnalo.

Nashauri kila muhula mara moja kwa shule, kila mwezi kwa ofisi ya klaringi. Katikati yake, kila wiki `restic check --read-data-subset=5%` husoma sehemu ya data na kuhakiki kwamba diski ya mbali haijaanza kuoza kimyakimya.

kijana_wa_likoni

Shekhe, nimefanya jaribio jana usiku kwenye laptopu ya dada yangu. Faili zote zimerudi, mashallah. Lakini pg_restore imenitolea mistari mingi ya `role "karani" does not exist`. Majedwali yapo, nayaona kwa psql, ila programu ya hesabu inakataa kuingia. Nimekosea wapi?

fundi_changamwe

Hujakosea, mwanangu. pg_dump inatoa hifadhidata moja na vilivyomo ndani. Watumiaji wa PostgreSQL na nenosiri zao hawakai ndani ya hifadhidata hiyo, wanakaa juu yake, kwa seva nzima. Wanatolewa kwa amri yao:

```
runuser -u postgres -- pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql
```

Wakati wa kurejesha unaanza na hiyo, `psql -f watumiaji.sql postgres`, ndipo pg_restore ifuate. Ukiona kosa kwamba `postgres` yuko tayari, lipuuze, huyo huwa yuko.

mlinda_seva

Ahsante, ami. Mnaonakili skripti yangu, uongezeni mstari huo juu ya ule wa pg_dump. Kosa hili huwezi kuliona kwenye ripoti ya bekapu hata ungeitazama mwaka mzima, kwa sababu bekapu yenyewe yafaulu kila usiku. Limeonekana kwa kuwa kijana alikaa akarejesha.

Ndugu yangu wa Likoni, endesha bekapu upya sasa hivi kwa mkono, `systemctl start bekapu.service`, halafu rudia jaribio kwenye hifadhidata tupu. Usipachike watumiaji kwa mkono juu ya ile ya jana.

kijana_wa_likoni

Nimerudia. Watumiaji kwanza, kisha pg_restore, haijatoa kosa. Programu imefunguka, nimeingia kama karani, ankara ya mwisho ni ya leo asubuhi. Dakika 35 kwa jumla, nyingi zimekwenda kwenye kusakinisha PostgreSQL. Ile diski ya USB naiacha iwe nakala ya karibu, na wiki hii naongea na binamu yangu wa Kongowea kuhusu mashine ya pili.

bi_hesabu

Nimechapisha uzi wote, naupeleka kwa mkurugenzi kesho. Karatasi mbili za nenosiri nitaziandika mwenyewe. Jaribio tumelipangia Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga muhula, na fundi wetu ameshaambiwa kwamba mkaguzi ni mimi.